Kurudi nyuma bila kupotea: historia ya kitufe kidogo cha intaneti

Kindu – Orodha ya majina imewekwa kwenye intaneti. Ni ndefu, na telefone inaonyesha majina 20 tu kwa mara moja. Mtu anayetafuta ndugu yake anashuka polepole, anabonyeza “zaidi”, anabonyeza tena, na mara ya tisa anakuta jina linalofanana. Analifungua. Umri si wenyewe, kijiji si chenyewe. Basi anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma ili aendelee pale alipoachia. Orodha inaanza tena kwenye herufi A. Au mbaya zaidi, orodha yote inatoweka na anajikuta nje, mahali alipokuwa kabla hajaingia. Yuniti zimepungua, na zile mara tisa inabidi azirudie.

Mjini Kindu jambo hilo hulaumiwa rezo. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata aliye Nairobi au Brussels, mwenye rezo ya haraka, amepatwa nalo. Chanzo chake hakiko kwenye mnara wa simu. Kiko kwenye namna kurasa zinavyotengenezwa, na kilianzia kwenye maamuzi ya watu waliokuwa mbali sana, kati ya mwaka 1996 na 2005. Usahihisho ulikuja baadaye, na mpaka leo kuna tovuti ambazo haujazifikia.

Kitufe kilipotoka

Mwaka 1990 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, alitengeneza programu ya kwanza ya kusoma kurasa zilizounganishwa. Wazo lake lilikuwa rahisi: kila ukurasa una anwani yake, na kubonyeza kiungo ni kuhama kutoka anwani moja kwenda nyingine. Programu ya namna hiyo ndiyo inayoitwa kivinjari. Chrome, Firefox na Opera Mini ni vivinjari. Mwaka 1993 kikatokea Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Hicho ndicho kilichowafikia watu wa kawaida, na kwenye dirisha lake kulikuwa na vitufe viwili, cha kurudi nyuma na cha kwenda mbele. Vimebaki kwenye vivinjari mpaka leo.

Anayejua safari ya mto kutoka Kindu ataelewa haraka namna vitufe hivyo vinavyofanya kazi. Boti inashuka Lualaba mpaka Ubundu. Hapo maporomoko yanaziba njia, kwa hiyo abiria wanashika reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani. Chukua msafiri mwenye daftari, anayeandika kila mahali anapofika: Kindu, Ubundu, Kisangani. Kivinjari nacho kina daftari kama hilo, nalo linaitwa historia. Kitufe cha nyuma kinamtoa msafiri Kisangani na kumrudisha Ubundu, lakini hakifuti neno Kisangani. Mshale wa mbele unaweza kumpeleka huko tena. Ila akiwa Ubundu akaamua kushika njia nyingine kabisa, mstari wa Kisangani unafutwa na njia mpya inaandikwa mahali pake. Ndiyo maana mshale wa mbele mara nyingi umefifia, haubonyezeki.

Watu walikipenda kitufe cha nyuma tangu mwanzo. Watafiti wawili wa Georgia Tech, Marekani, Lara Catledge na James Pitkow, walirekodi matendo ya watumiaji wa Mosaic, na katika matokeo waliyotoa mwaka 1995 kitufe cha nyuma kilichukua asilimia 41 ya hatua zote. Miaka miwili baadaye Linda Tauscher na Saul Greenberg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walikuta kwamba asilimia 58 ya kurasa watu walizofungua ni zile walizokwisha kuziona. Ni kusema kwamba kwenye intaneti mtu hasongi mbele tu. Anaenda, anarudi, anajaribu mlango mwingine, anarudi tena. Anayetafuta jina la mtu aliyepotea hufanya hivyo kuliko wote.

Pale daftari lilipoanza kudanganya

Uharibifu wa kwanza ulikuja mapema na ukatengenezwa mapema. Mwaka 1996 Netscape Navigator 2 ilileta fremu: ukurasa mmoja uliogawanywa vyumba, orodha upande wa kushoto, maneno upande wa kulia. Mtu alibonyeza mara sita ndani ya vyumba vile, akabonyeza kurudi nyuma mara moja, na kivinjari kikamtoa nje ya nyumba nzima. Malalamiko yalikuwa mengi, na Netscape 3, iliyotoka mwaka huohuo, ikaanza kuhesabu hatua za ndani ya fremu. Jambo likaisha hapo.

Netscape 2 ilileta pia kitu kingine kilichoonekana kidogo wakati ule: JavaScript, lugha iliyoandikwa na Brendan Eich mwaka 1995. Kwa lugha hiyo ukurasa uliweza kubeba maagizo, ni kusema skripti, yanayofanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Mwezi wa tatu 1999 Microsoft ikatoa Internet Explorer 5, ambayo ndani yake skripti iliweza kwenda kwa seva kimyakimya, ikachukua habari mpya na kuziweka katika ukurasa bila kuufungua upya. Kifaa hicho kilitokana na kazi ya kuandaa barua za Outlook zisomwe kwenye intaneti. Kwa miaka kadhaa watu wachache walikitumia.

Kisha ikaja Gmail, tarehe 1 Aprili 2004, na Google Maps, tarehe 8 Februari 2005. Watu walishangaa. Barua zilifunguka bila ukurasa kufifia na kuwa mweupe. Ramani ilivutwa kwa kidole cha mausi kama kitambaa juu ya meza. Siku kumi baada ya Google Maps kutoka, Jesse James Garrett wa Marekani aliandika makala akaipa njia hiyo jina, Ajax, na jina likashika. Kila fundi wa tovuti alitaka Ajax.

Na ukweli usemwe: kwa watu wenye yuniti chache njia hiyo ilikuwa na faida. Badala ya kuleta ukurasa mzima kila mara, pamoja na picha zake na rangi zake, skripti inaleta kile kilichobadilika peke yake. Orodha ya majina 20 tu ni nyepesi kuliko ukurasa mzima wenye majina 20. Asiyeona faida hiyo hataelewa kwa nini mafundi waliikimbilia.

Lakini daftari lilibaki nyuma. Kivinjari huandika mstari mpya pale anwani inapobadilika. Skripti ilikuwa inabadilisha kilicho ndani ya ukurasa na kuiacha anwani ilivyo. Ni kama msafiri amelala ndani ya boti, na wakati amelala watu wakabadilisha bandari yote mbele yake, nyumba, soko na watu. Anapoamka anaona mji mwingine, lakini daftari lake bado limeandikwa Kindu, mstari mmoja. Akisema “nirudishe nyuma”, daftari linampeleka mahali alipokuwa kabla ya Kindu. Daftari halikukosea. Hakuna aliyeliambia kwamba kuna hatua zilizopita katikati.

Hasara ilikuwa mara mbili. Ya kwanza ni kurudi nyuma. Ya pili, ambayo watu huisahau, ni anwani yenyewe. Mtu aliyefika kwenye ukurasa wa tisa wa orodha hakuweza kunakili anwani na kumtumia shangazi yake aliye Kasongo, kwa sababu anwani ilikuwa ile ile ya ukurasa wa kwanza. Angeituma, naye shangazi angeona herufi A.

Ujanja wa alama ya reli

Mafundi hawakukaa kimya. Google Maps ya 2005 yenyewe ilikuwa na ujanja: ndani ya ukurasa walificha fremu ndogo isiyoonekana, na baadhi ya maombi yalipitia humo. Kwa kuwa vivinjari vilikwisha kujifunza kuhesabu hatua za fremu, kila fremu ile ilipofungua kitu kipya, mstari mpya uliandikwa kwenye daftari. Kasoro ya mwaka 1996 ikawa dawa ya mwaka 2005.

Ujanja wa pili ulienea zaidi. Katika anwani za intaneti kuna alama #, ile ambayo wengine huiita alama ya reli. Tangu zamani kazi yake ilikuwa kumpeleka msomaji sehemu fulani ya ukurasa uleule, kwa mfano sura ya tatu. Kinachofuata baada ya alama hiyo kikibadilika, kivinjari hakifungui ukurasa upya, lakini mstari mpya unaandikwa kwenye historia. Mafundi waliona mlango hapo. Skripti ikileta ukurasa wa tisa wa orodha, inaongeza mwishoni mwa anwani alama ya reli na namba 9. Mtu akirudi nyuma, namba inakuwa 8, na skripti inachora upya majina ya ukurasa wa 8.

Shida ni kwamba skripti haikuwa na mtu wa kuiambia kwamba namba imebadilika. Ililazimika kuchungulia anwani mara kadhaa kila sekunde, kama mtoto anayechungulia dirishani kuona kama baba amefika. Na Internet Explorer 6 na 7, zilizotumiwa na watu wengi sana miaka ile, hazikuandika badiliko hilo kwenye daftari lake, kwa hiyo kwa ajili yake ilibidi kurudia fremu ya kuficha. Internet Explorer 8, ya mwezi wa tatu 2009, ndiyo iliyoleta tangazo rasmi: alama ya reli ikibadilika, kivinjari chenyewe kinaiambia skripti. Vivinjari vingine vikafuata.

Ramani ya ushahidi

Wakati mafundi wa Marekani wanashindana na alama ya reli, kazi ya namna hiyo ilikuwa inafanyika pia Nairobi, kwa sababu nzito zaidi. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 machafuko yalizuka. Mwezi wa kwanza 2008 Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika habari kwenye intaneti, aliomba wenye ujuzi watengeneze ramani ambayo raia wangeweza kuweka habari za mauaji na uharibifu wanaouona. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliitikia. Ndani ya siku chache tovuti ilikuwa hewani. Jina lake, Ushahidi, halikuhitaji mtafsiri katika eneo lote hili.

Programu hiyo ilivuka mipaka haraka. Mwezi wa kumi na moja 2008, wakati wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda walikuwa wanapigana karibu na Goma na maelfu ya familia zilikuwa barabarani, Ushahidi iliwekwa kwa ajili ya mashariki mwa Kongo. Habari ziliweza kutumwa kwa SMS au kwa intaneti.

Ramani za namna hiyo ni kurasa zinazobadilika kwa skripti. Unasogeza ramani, unakaribia Masisi, unachagua aina ya tukio, doti zinabadilika. Yote hayo yanaishi ndani ya kumbukumbu ya kivinjari kwa muda. Kama fundi hakuyaweka kwenye anwani, wawili wanaozungumza kwa simu hubaki kuelekezana, “shuka kidogo, hapana, kushoto, ile doti kubwa”. Lakini Ushahidi ilifanya jambo moja la busara, ambalo huenda lina thamani kuliko ramani yenyewe: kila habari iliyopokelewa ilipewa ukurasa wake, namba yake na anwani yake. Ramani ingeweza kukwama. Ushahidi wa tukio moja ulibaki na mahali pa kuurudia, pa kuunakili na kumpelekea mwandishi au mwanasheria. Toleo la baadaye, lililojengwa upya katikati ya miaka ya 2010, lilitumia AngularJS, ambayo ni njia ya kujenga tovuti nzima kama ukurasa mmoja unaobadilika, na kwa tovuti ya aina hiyo kushughulikia kitufe cha nyuma ni lazima.

Kulikuwa pia na watu waliochagua njia nyepesi. Shirika la Refugees United, lililoanzishwa Denmark na ndugu wawili, David na Christopher Mikkelsen, lilianza mwaka 2010 nchini Uganda, pamoja na kampuni za Ericsson na MTN, kuwasaidia wakimbizi kutafutana kwa telefone za kawaida, kwa SMS na kwa kurasa nyepesi za WAP. Kurasa za WAP zilikuwa maskini kwa sura, bila ramani na bila kuteleza. Lakini katika lugha yake amri ya kurudi nyuma ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo, kwa kuwa walioitunga walijua kwamba telefone ndogo haina nafasi ya kupotea.

Siku tovuti zilipokuwa tupu

Alama ya reli ilikuwa na ugonjwa uliofichika. Kinachofuata baada yake hakifiki kamwe kwa seva. Kivinjari kinakibakiza chenyewe. Kwa hiyo anwani yenye namba 9 ikifunguliwa kwenye telefone ambayo skripti haijamaliza kushuka, seva inatoa ukurasa mtupu na kungoja skripti ije kujaza. Skripti isipokuja, mtu anatazama weupe.

Mwaka 2009 Google ilipendekeza anwani za namna hiyo ziandikwe kwa alama ya reli na alama ya mshangao, ili mashine yake ya kutafuta iweze kuzisoma. Twitter ilizichukua katika sura yake mpya ya mwaka 2010. Gawker, kampuni ya Marekani yenye tovuti nyingi za habari, ilizichukua mwezi wa pili 2011, na tarehe 7 ya mwezi huo kosa moja katika skripti likafanya tovuti zake zote zionekane tupu. Habari zilikuwapo kwenye seva. Anwani zilikuwapo. Lakini kati ya msomaji na habari palikuwa na kitu kimoja, na kitu hicho kilivunjika. Mwezi wa tano 2012 Twitter ilitangaza kwamba inaacha njia hiyo, na sababu mojawapo ilikuwa upesi: ilitaka maneno yamfikie msomaji kabla ya skripti kumaliza kazi.

Marekani tukio la Gawker lilikuwa aibu ya siku moja. Mahali ambapo rezo hukatika katikati ya ukurasa kila siku, ni hali ya kawaida.

Dawa iliyokubalika

Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa katika rasimu ya HTML5, ambayo mhariri wake alikuwa Ian Hickson. Chrome na Safari ziliipokea mwaka 2010, Firefox 4 mwaka 2011, Internet Explorer 10 mwaka 2012. Ina sehemu tatu, na majina yake yamebaki yalivyo katika lugha ya mafundi.

Ya kwanza ni pushState. Skripti inaliambia daftari: andika mstari mpya, na anwani iwe hii. Anwani kamili, bila alama ya reli. Kivinjari kinaandika na hakifungui ukurasa upya. Ya pili ni replaceState: usiongeze mstari, sahihisha ule wa mwisho. Ya tatu ni popstate, tangazo ambalo kivinjari hulitoa mtu anaporudi nyuma au kwenda mbele katika mistari hiyo, pamoja na kile skripti ilichokihifadhi humo.

Hapo ndipo wengi huanguka. Kivinjari hubadilisha anwani na kutoa tangazo, basi. Hakichori upya orodha. Kuchora ni kazi ya skripti. Fundi aliyeandika pushState akasahau kusikiliza popstate anatengeneza uongo mbaya kuliko ule wa 2005: mtu anabonyeza nyuma, anwani juu inasema ukurasa wa 8, na majina chini bado ni ya ukurasa wa 9. Anadhani amesoma majina ambayo hakuyasoma. Kwa anayetafuta mtoto, kuruka majina 20 bila kujua si jambo dogo.

Kosa lingine ni kuandika mistari mingi mno. Kisanduku cha kutafuta kinachoandika mstari kwa kila herufi humlazimisha aliyeandika “Kabambare” kubonyeza nyuma mara tisa ili atoke. Hapo replaceState ndiyo inayofaa. La tatu ni seva: ikiwa anwani mpya inaonekana kama ukurasa kamili, basi seva lazima ijue kuujibu mtu anapoifungua moja kwa moja, kwa mfano kutoka WhatsApp. La sivyo aliyetumiwa kiungo hukuta tangazo la kwamba ukurasa haupo, wakati aliyekituma anauona mbele yake. Watu wamegombana kwa jambo hilo, kila mmoja akidhani mwenzake anamdanganya.

Fomu zina hatari yake peke yake, na hiyo ni ya zamani kuliko Ajax. Mtu akijaza fomu ya kuandikisha familia, akaituma, kisha akarudi nyuma na kwenda mbele au kufungua upya, kivinjari kinaweza kuuliza kama atume tena. Asiyesoma lugha ya onyo hilo hubonyeza ndiyo. Jina la baba mmoja linaingia mara mbili, na anayehakiki orodha hawezi kujua kama ni rezo au ni udanganyifu. Dawa yake inajulikana tangu miaka mingi: seva ikipokea fomu, impeleke mtu mara moja kwenye ukurasa mwingine wenye anwani yake, unaosema “tumepokea”, na kurudi nyuma kusiwe tena na kitu cha kutuma. Kuna tovuti zinazopokea pesa au majina ya watu na bado hazifanyi hivyo. Hilo ni uzembe, kwa kuwa ni mistari michache tu ya kazi.

Telefone nazo zina mambo yake. Opera Mini, iliyotengenezwa Norway katikati ya miaka ya 2000 na kupendwa sana Afrika, huokoa yuniti kwa kupitisha ukurasa kwenye seva zake, ambako unabanwa kabla ya kuletwa. Lakini hapo skripti hufanya kazi kwenye seva, kwa muda mfupi tu, na kila mguso unaohitaji skripti ni safari mpya. Tovuti inayotegemea skripti kwa kila hatua huwa nzito au hukwama humo, wakati kurasa za kawaida, kila moja na anwani yake, hupita vizuri. Vivinjari vingine vimejifunza kuhifadhi ukurasa mzima kwenye kumbukumbu pale mtu anapotoka, ili akirudi aukute ulivyo, hata mahali alipokuwa amefika kwa kushuka. Firefox ilifanya hivyo tangu toleo la 1.5 mwaka 2005. Chrome ya telefone za Android ilifika hapo mwaka 2020. Telefone yenye kumbukumbu ndogo hutupa kurasa hizo ili ipumue, ndipo mtu anaanza upya.

Tofauti na menyu za pesa kwa simu ni funzo. Zile za nyota na alama ya reli, zinazoitwa USSD, hazina historia yoyote ndani ya telefone, na ujumbe mmoja hauzidi herufi 182. Waliozitengeneza walijua kwamba hakuna kitufe cha kuwaokoa watu, kwa hiyo menyu nyingi zimeandikwa wazi: 0 kurudi nyuma. Hata mzee asiyewahi kufungua tovuti anaijua 0 hiyo. Tovuti zilizopewa kitufe bure na kivinjari ndizo zilizokiharibu.

Wengine wamekiharibu kwa makusudi. Tovuti za matangazo ziligundua kwamba kwa pushState zinaweza kujaza daftari mistari ya uongo, ili anayebonyeza nyuma abaki palepale au aonyeshwe tangazo jingine. Mwishoni mwa 2018 mafundi wa Chrome walitangaza dawa: kivinjari kiruke mistari iliyoandikwa bila mtu kugusa chochote. Anayenaswa bado ana njia ya kutoka. Katika vivinjari vingi, kubonyeza kitufe cha nyuma na kukishikilia hufungua daftari lenyewe, mstari kwa mstari, na mtu anachagua pa kurudi.

Kwa chama, parokia au kikundi kinachotaka kuweka majina ya familia zilizohama kwenye tovuti, kujaribu kazi ya fundi huchukua dakika tano. Fungua orodha kwenye telefone ya bei ndogo. Nenda mpaka ukurasa wa nne, fungua jina moja, rudi nyuma: je, ni ukurasa wa nne bado, na ni pale pale? Bonyeza mbele: jina ni lile lile? Nakili anwani, mtumie mtu mwingine, aone kama anakuta kilekile. Jaza fomu, itume, rudi nyuma, nenda mbele, kisha hesabu majina yaliyoingia. Yakiwa mawili, fundi asilipwe kwanza.